Tiba ya Seli: Je, Tukae Kungoja Mlangoni?

Mnamo Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha tiba ya selimundu iitwayo Casgevy, na Desemba ya mwaka huohuo Marekani ikafuata. Ilikuwa mara ya kwanza duniani kuidhinishwa dawa iliyotokana na ufundi wa kuhariri jeni kwa njia ya CRISPR. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe, na ilistahili. Hata hivyo, sisi wa Afrika ya Mashariki yatupasa tuitazame kwa makini zaidi, kwa maana ugonjwa wenyewe uko nyumbani kwetu.

Yafaa kwanza kueleza jinsi tiba hiyo inavyofanya kazi. Ndani ya uboho wa mifupa zimo seli shina, ambazo ndizo mama wa damu yote. Chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120 tu. Zikifa, seli shina huzaa nyingine bila kukoma. Ushahidi wa kuwako kwa seli hizo ulitolewa na James Till na Ernest McCulloch wa Toronto mwaka 1961. Katika mgonjwa wa selimundu, seli shina hubeba jeni yenye kasoro moja ndogo. Kwa sababu hiyo chembe zinazozaliwa hujikunja mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, na kuleta maumivu makali, upungufu wa damu, na hata kiharusi.

Sasa, kila binadamu akiwa tumboni mwa mamaye hutumia himoglobini ya aina nyingine, isiyosababisha chembe kujikunja. Baada ya kuzaliwa, jeni iitwayo BCL11A huizima. Wataalamu huzitoa seli shina za mgonjwa mwenyewe, huikata sehemu inayoiamsha jeni hiyo katika chembe za damu, kisha huzirudisha seli mwilini baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Himoglobini ya kichanga hurejea kazini. Katika majaribio, wagonjwa 29 kati ya 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu.

Lakini bei yake ilipotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Tanzania peke yake hukadiriwa kupata watoto 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Tena tukumbuke kwamba mwaka 1954 Anthony Allison, kwa kuchunguza damu za watu wa Afrika ya Mashariki, ndipo alipoonyesha kuwa wenye kurithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Elimu ilichotwa hapa. Tiba imeuzwa kwingine.

Wako wasemao kwamba mambo haya ni anasa ya matajiri, tuyaache. Wako pia watakao tuyanunue leo. Mimi sikubaliani na upande wowote.

Kwanza, tusiache mbachao kwa msala upitao. Haidroksiyurea, dawa ya kumeza kila siku, huiongeza himoglobini hiyohiyo ya kichanga. Utafiti uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, malaria na vifo. Basi kila mtoto mchanga apimwe, na kila mgonjwa anayeihitaji aipate.

Pili, tujenge msingi. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye selimundu. Kazi hiyo hudai damu salama, maabara safi ya seli, na wauguzi wawezao kumtunza mgonjwa aliyekwisha kinga ya mwili. Hayo ndiyo yatakiwayo pia na tiba ya jeni. Nchi isiyokuwa nayo, hata ikipewa Casgevy bure, haitaweza kuitumia.

Tatu, wananchi walindwe dhidi ya ulaghai. Unga wa pakiti unauzwa mitaani kwa jina la seli shina, ukidaiwa kuponya kila maradhi. Seli ikimezwa, tumbo huisaga kama linavyosaga nyama au mchicha. Haifiki kwenye uboho ikiwa hai. Mzazi anayetumia akiba yake kwa unga huo humkosesha mwanawe dawa ya kweli, na wanasayansi wanaonyamaza wanashiriki katika kosa hilo.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kuinama kwetu ni kusomesha mafundi wa maabara, kununua haidroksiyurea ya kutosha, na kufanya utafiti kwa wagonjwa wetu wenyewe, kwa masharti ya kwamba matunda yake yawafikie. Tukifanya hivyo, siku bei itakaposhuka itatukuta tayari.