Je, Butura Nayo ni Endelevu?

Mwaka jana nilialikwa Kayanga, wilayani Karagwe, kuzungumza katika semina ya maofisa ugani, viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika na wakulima wa Karagwe na Kyerwa. Asubuhi ile neno endelevu lilitamkwa mara nyingi mno: kilimo endelevu, masoko endelevu, matumizi endelevu ya ardhi. Zamu ya maswali ilipofika, mzee mmoja, mkulima wa kahawa kutoka Kyerwa, alisimama, akavua kofia, akasema: "Daktari, naomba nikuulize. Butura ilikuwapo enzi za marehemu baba, nami nimeikuta, na kijana wangu ameshaianza. Je, nayo ni endelevu?"

Ukumbi uliangua kicheko. Nami nilicheka, kisha nikatambua kwamba sina jibu.

Kwa msomaji asiyeifahamu Kagera: butura ni kuuza kahawa ingali mtini, pengine ikiwa maua tu. Mkulima amepatwa na shida, mgonjwa yuko hospitali au mtoto anadaiwa ada, na robusta huhitaji takriban miezi 9 hadi 11 tangu ua hadi tunda lililoiva. Mnunuzi humpa fedha leo kwa bei aipangayo mwenyewe, ndogo sana kuliko ya msimu. Mavuno yakifika, kahawa si ya mwenye shamba tena. Kwa kuwa hana cha kuuza, msimu ufuatao huuza tena maua. Serikali imeipiga marufuku mara kadhaa, na tangu mwaka 2018 imesisitiza kahawa iuzwe kupitia ushirika. Butura ingalipo.

Kosa letu sisi wasomi liko wapi? Endelevu limetokana na kuendelea, kama vile sikivu lilivyotokana na kusikia. Kwa maana ya umbo lake, ni kile chenye tabia ya kuendelea tu. Kwa kipimo hicho mzee yule ana haki kamili: butura imerithishwa vizazi vitatu, na miradi mingi ya wafadhili haikufikisha hata miaka mitano.

Neno la Kiingereza tulilokuwa tukilitafsiri, sustainable, lina mzizi mwingine. Limetoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kushikilia kitu kutoka chini kisianguke. Ndiyo maana mwanasheria wa Kiingereza huita unsustainable dai lisiloweza kusimama mahakamani, na mchumi hulitumia neno hilohilo kwa deni lisilobebeka. Wazo lenyewe, kwa upande wa maliasili, huhusishwa na Mjerumani Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi huko Saxony, aliyeandika mwaka 1713 kwamba miti isikatwe kupita kiasi kinachoota. Hakuwa na mapenzi maalumu na ndege wa porini. Migodi ya fedha ilikuwa inaishiwa magogo. Swali lake lilikuwa la kihasibu: je, tunakula faida au tunakula mtaji?

Jambo la kushangaza ni kwamba Kiswahili cha Serikali kinalo neno la maana hiyo. Kila mwaka Wizara ya Fedha hutueleza kuwa deni la Serikali ni himilivu. Kuhimili ni kubeba. Hamali wa bandarini ni ndugu wa neno hilo. Kwa hiyo tunapozungumzia deni la Hazina tunauliza nani analibeba, kwa nguvu ipi na hadi lini. Tunapozungumzia ardhi na mkulima wa Nkwenda, tunauliza tu kama shughuli itaendelea. Sioni sababu ya kilugha ya tofauti hiyo. Naona kwamba mdai wa Hazina ana sauti, na kibanja hakina.

Kibanja nacho kina mengi ya kufundisha. Migomba na mibuni imesimama pamoja kuizunguka nyumba kwa vizazi, na mgeni huamini kwamba udongo wake una rutuba ya asili. La hasha. Rutuba ile ilibebwa na ng'ombe: walikula majani ya uwandani, samadi ikarudi kibanjani. Karagwe ya Mukama Rumanyika, aliyempokea Speke mwaka 1861, ilikuwa nchi ya ng'ombe kabla ya kuwa nchi ya kahawa. Sotoka ya miaka ya 1890 ilipowaua, vibanja havikufa siku ileile. Viliendelea kutoa ndizi kutokana na akiba iliyokuwamo ardhini, na mtazamaji wa wakati huo angeviita endelevu.

Aliyefungwa na butura yuko katika hali hiyohiyo. Kahawa yake inaonekana sokoni na takwimu za wilaya zinaihesabu. Lakini hanunui samadi, hapogoi mibuni, hapandi miche mipya, kwa maana mavuno yatakwenda kwa mwingine. Baadhi huona heri kuvusha gunia usiku kuelekea Uganda kupitia njia za Murongo, kisha tunawaita wahujumu.

Naelewa hoja ya watumishi wa umma watakaosema kwamba endelevu limekwisha kuingia katika sheria na mipango, na Malengo 17 ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 hayabadilishiki jina kwa sababu ya mwalimu mmoja wa chuo. Sawa, neno libaki. Ninachoomba ni kwamba katika fomu za miradi ya kahawa, pale panapoulizwa jinsi shughuli itakavyoendelea baada ya mfadhili kuondoka, paongezwe swali la pili: nani anaibeba sasa, na anakula nini hadi mavuno? Ushirika ukiweza kumkopesha mkulima katika miezi ile ya maua, kwa riba anayoihimili, nitakuwa na jibu la kumpelekea mzee wa Kyerwa. Nilipomuuliza wakati wa chai kama kahawa yake ya msimu ujao ingali yake, alitabasamu na kuniomba nimsogezee sukari.