Kifaransa Kimekula Hesabu

Barua ya Fizi, na Mwana wa Ngandja

Wiki hii nimerudi kutoka Lubondja na hasira.

Nilikuwa namsubiri direkta wa shule moja ya msingi, nikapewa nafasi nyuma ya darasa la pili. Mwalimu aliandika swali la hesabu kwenye tablo kwa Kifaransa: mama amenunua chumvi ya faranga 700, ametoa noti ya 1000, atarudishiwa ngapi? Watoto wakalisoma kwa pamoja, mara tatu, mabati yakaitika. Kisha akauliza nani anajua jibu. Msichana wa benchi la mbele, kaye yake imevikwa karatasi ya mfuko wa simenti, akasimama mara moja: "Inabakia mia tatu, mwalimu."

"Kwa Kifaransa!"

Akafungua kinywa, akakifunga, akaangalia chini, akaketi. Mvulana mmoja wa pembeni akajitosa akasema thelathini, kwa Kifaransa chenye matamshi safi kabisa. Darasa likaambiwa limpigie makofi kwa sababu amethubutu. Mwalimu akaandika 300 mwenyewe, akafuta tablo, wakaendelea na somo lingine. Aliyejua hesabu ameketi kimya, aliyekosea amepigiwa makofi. Nimekuwa na jambo hili kooni tangu siku ile.

Wakati wa mapumziko nilimwuliza mwalimu. Alinijibu kwa heshima kwamba wazazi ndivyo wanavyotaka, na kwamba mtihani wa taifa wa darasa la sita hauandikwi kwa Kiswahili. Yote mawili ni kweli, lakini hayamwokoi. Sheria ya elimu ya nchi hii, nambari 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, imeziruhusu lugha za taifa na za mazingira ziwe lugha za kufundishia, na programu inataka miaka ya kwanza ifundishwe kwa lugha hizo huku Kifaransa kikiwa somo. Katiba nayo imekitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mtoto yule hakuvunja kanuni yoyote. Aliyeivunja ni aliyeshika chaki.

Mzizi wa ugonjwa huu ni woga. Mzazi wa Fizi, wa Baraka, wa Uvira, anaogopa mwanawe asije akachekwa, basi anataka kusikia Kifaransa kikitoka kinywani jioni ya siku ya kwanza. Shule inamuuzia anachotaka kusikia.

Na milima hii ndiyo ya mwisho kustahili woga huo. Mwezi wa 4 mwaka 1965 Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika akashukia Kibamba kupigana pamoja na waasi, Kifaransa anacho, udaktari anao. Kifaransa chake hakikumfikisha kwa wapiganaji wa kawaida. Akatafutiwa mwalimu wa Kiswahili, na mwalimu mwenyewe alikuwa kijana mdogo wa Kikongo, Freddy Ilanga, ambaye umri wake leo ungemweka sekondari. Mtu mzima aliyekuwa waziri huko Cuba akajifunza kwa mtoto, na jina alilotumia vitani, Tatu, ni hesabu ya Kiswahili. Vita vyao vilishindwa mwaka uleule, hilo wazee wetu wanalijua kuliko mimi.

Ninayotaka kuyasimulia ni yaliyompata Ilanga baadaye. Alipelekwa Cuba akiwa kijana, akakisoma Kihispania, lugha ambayo hakuna aliyemwimbisha huku kwetu, akasoma nayo mpaka akawa daktari wa kupasua ubongo wa watoto. Lugha ngeni haikumshinda. Akili aliyokwenda nayo ilikuwa nzima.

Kifaransa nakitaka, tena kizuri kuliko hiki cha kwaya. Kifundishwe kila siku, kwa saa yake, na mtu anayekijua. Lakini saa ya hesabu iachiwe hesabu. Wazazi wa Lubondja, mkiitwa kwenye mkutano wa shule, msikubali watoto wasimamishwe mbele yenu kuimba salamu za Kifaransa. Wapeni noti ya 1000, muwatume chumvi, mhesabu chenji wanayorudi nayo mbele ya direkta.