Mshauri wa Fedha Si Mpiga Ramli

Kila mara uchumi wa dunia unapoyumba, hujitokeza watu wengi wanaojua kwa hakika yatakayotokea kesho. Bei ya mafuta ikipanda, husema walikwisha kuiona ikipanda. Ikishuka, husema ndivyo walivyotarajia. Jambo la ajabu ni kwamba utabiri wao hupata wanunuzi wengi zaidi wakati ule ule ambapo una thamani ndogo kabisa, yaani wakati mambo hayatabiriki. Mwenye mali nyingi huwasikiliza kwa sikio moja, maana akipoteza hapa atapata kule. Anayewasikiliza kwa masikio yote mawili ni mwananchi mwenye akiba moja tu, aliyoikusanya kwa miaka 30 ya kazi, ambaye ameambiwa kwamba akiiacha ilale italiwa na kupanda kwa bei, na akiitoa bila maarifa italiwa na walaghai.

Hapana shaka mwananchi huyo anahitaji ushauri. Swali ni ushauri wa namna gani, na anayeutoa analipwa na nani.

Yaliyotokea Hong Kong mwaka 2008 yanafaa kukumbukwa na kila mtu anayefanya kazi ya kushauri wengine juu ya fedha. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, mabenki ya mji huo yalikuwa yakiwauzia wateja wa kawaida dhamana zilizopewa jina la kupendeza la "hati fungani ndogo". Wanunuzi wengi hawakuwa watu wa kucheza na hisa. Walikuwamo wastaafu na wazee waliofika benki kuendeleza amana zao za muda maalumu, wakaambiwa kwamba ipo njia ya kupata riba kubwa kidogo kuliko hiyo. Neno "hati fungani" liliwatuliza, kwa kuwa masikioni mwa mtu wa kawaida hati fungani ni mkopo kwa Serikali au kwa kampuni imara, na mkopo hurudishwa. Hali halisi ilikuwa nyingine. Mnunuzi alilipwa riba ile ya ziada kwa sababu alikuwa amekubali, pasipo kujua, kubeba hatari ya kuanguka kwa makampuni kadhaa makubwa, na nyuma ya mpango mzima ilisimama benki ya Marekani ya Lehman Brothers, iliyoanzishwa mwaka 1850.

Tarehe 15 Septemba, 2008, Lehman Brothers ilitangaza kufilisika. Mjini Hong Kong dhamana zilizohusiana na benki hiyo zilikuwa zimeuzwa kwa watu zaidi ya 40,000, kwa thamani ya dola za Hong Kong zipatazo bilioni 20. Wazee wakaanza kuandamana mbele ya mabenki wakiwa na mabango. Mwezi Julai 2009 mabenki 16 yalikubaliana na wasimamizi wa fedha wa mji huo kuzinunua tena hati fungani ndogo: asilimia 60 ya fedha iliyowekwa, na asilimia 70 kwa waliotimiza umri wa miaka 65. Mwaka 2011, baada ya mali iliyowekwa rehani kuokolewa, wengi walirudishiwa sehemu kubwa ya kilichobaki. Mtu anaweza kusema, basi, kwamba mwisho wake haukuwa mbaya sana. Lakini mzee wa miaka 70 aliyekaa miaka miwili na nusu bila kujua kama atakufa maskini, hakuna asilimia inayomrudishia miaka hiyo.

Lililo muhimu katika habari hii ni kwamba waliowauzia wazee hao hawakuwa wezi wa kuvunja milango. Tena hapa hazungumzwi upatu wa aina ya DECI, uliowafanya maelfu ya Watanzania "wapande mbegu" na ambao Serikali iliusimamisha mwaka 2009. Upatu una sheria yake na mahakama yake. Wanaozungumzwa hapa ni watu wenye leseni, waliovaa tai, waliokuwa wakiuza kitu halali ambacho wengi wao wenyewe hawakukielewa. Waliamini daraja la juu ambalo makampuni ya kupima mikopo yaliendelea kuipa Lehman Brothers hadi siku zile zile za kuanguka kwake. Mtu anayepimwa kazini kwa wingi wa mauzo yake hana sababu ya kulichunguza sana daraja hilo.

Wala wakubwa zaidi hawakuona mbali kuliko wao. Mwezi Machi 2007 Mwenyekiti wa Benki Kuu ya Marekani, Ben Bernanke, aliliambia Bunge la nchi yake kwamba madhara ya mikopo mibovu ya nyumba yaelekea kuwa yamedhibitiwa. Mwaka mmoja na nusu baadaye dunia nzima ilikuwa inayalipia. Bwana huyo si mjinga. Ni mmoja wa wanazuoni waliosoma kwa kina Mdororo Mkuu wa miaka ya 1930. Kama yeye hakuona, kijana aliyemaliza kozi ya miezi sita na kufungua ofisi ya ushauri ataona kwa darubini gani?

Alikuwapo mmoja aliyeonya mapema. Raghuram Rajan, ambaye wakati huo alikuwa Mchumi Mkuu wa Shirika la Fedha la Kimataifa, alisimama mwezi Agosti 2005 mbele ya wakuu wa mabenki kuu waliokutana Jackson Hole, Marekani, akaeleza kwamba jinsi mameneja wa fedha wanavyolipwa inawashawishi kubeba hatari zilizofichika, ambazo hazionekani mpaka siku zinapolipuka. Wasomi wenzake walimbeza. Yafaa itazamwe alichokisema. Hakutaja siku ya kuanguka kwa soko, hakutaja benki itakayofilisika, wala hakubashiri bei. Aliuliza tu nani analipwa nini, kwa kufanya nini. Swali hilo dogo lilifika mbali kuliko hesabu zote za watabiri.

Miaka iliyofuata haijawapa watabiri sifa mpya. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipozuka, hisa za makampuni makubwa 500 ya Marekani zilipoteza theluthi moja ya thamani yake kati ya tarehe 19 Februari na tarehe 23 Machi. Waliowashauri wateja wao kuuza wakati huo ili kuokoa kilichobaki waliona soko likirudi pale pale lilipokuwa ilipofika Agosti. Mwaka 2022 hisa na hati fungani, ambazo vitabu vilifundisha kwamba moja ikianguka nyingine humshika mwenye mali, zilianguka pamoja, kwa sababu Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba kwa kasi kupambana na mfumuko wa bei. Wataalamu wengi wakatabiri kwamba mwaka 2023 uchumi wa nchi hiyo ungesinyaa. Mwaka 2023 ukaja, ukapita, na uchumi ule ukaendelea kukua.

Hapa nchini mambo hayo si hadithi za mbali. Mwaka 2024 dola zilikuwa adimu, na maneno yaliyosikika maofisini na mitaani yalikuwa kwamba mwenye akili aiondoe akiba yake katika shilingi. Mwezi Oktoba dola moja ilipita shilingi 2,700. Kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeshuka hadi shilingi 2,400 hivi. Aliyebadilisha akiba ya shilingi milioni 10 kwa bei ya Oktoba alikuwa amepoteza zaidi ya milioni moja kabla ya sikukuu ya mwaka mpya. Katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 shilingi ililegea tena, na baadaye ikapata nguvu tena. Mshauri makini asingeweza kubashiri hesabu hizo. Lakini angeweza kabisa kumkumbusha mteja wake kwamba dola huingia nchini kwa misimu, ya korosho, ya mazao mengine na ya watalii, na kwamba mtu ambaye ada, kodi ya nyumba na chakula chake vyote hulipwa kwa shilingi ana sababu ndogo ya kukimbilia fedha ya kigeni katika mwezi wa hofu.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mstaafu aliyepokea kiinua mgongo chake. Anashauriwa akiweke chote katika hati fungani ya Serikali ya miaka 25. Ushauri huo unasikika kuwa wa busara, na kwa upande mmoja ni wa busara kweli: Serikali hulipa riba kila baada ya miezi sita, na hatari ya kutolipwa ni ndogo mno. Tatizo liko mahali pengine. Tuseme amenunua hati ya shilingi milioni 10 yenye riba ya asilimia 12, na mwaka wa tatu mwanawe anaingia chuo kikuu, au mumewe anahitaji kupasuliwa. Serikali haitamrudishia fedha yake kabla ya miaka 25. Itambidi auze hati yake sokoni. Ikiwa wakati huo hati mpya zinalipa asilimia 15, hakuna atakayempa milioni 10 kwa hati inayolipa 12. Atapata milioni nane na kidogo. Riba za sokoni zikiwa zimeshuka, atapata zaidi ya alichoweka, lakini mgonjwa hasubiri riba zishuke.

Mwalimu huyu hakuhitaji kuambiwa riba zitakwenda wapi. Tangu Januari 2024, Benki Kuu ya Tanzania ilipoanza kutumia riba yake elekezi kwa asilimia 5.5, riba hiyo imepanda hadi 6 mwezi Aprili mwaka huo huo, ikashushwa hadi 5.75 mwezi Julai 2025, na aliyekuwa na hakika ya kila hatua hajulikani. Alichohitaji ni mtu wa kumwuliza fedha hii ataihitaji lini. Jibu lake lingetosha kuigawa: sehemu ikae katika amana ambayo inatoleka upesi, sehemu katika hati za muda mfupi au mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile iliyoanza nchini mwaka 2005 kwa Mfuko wa Umoja, na ile tu ambayo haitaguswa iende miaka 25. Ushauri wa namna hiyo hauna mvuto wa utabiri, wala hauwezi kupigiwa debe katika vikundi vya simu.

Ugumu ni kwamba ushauri huo mara nyingi haumlipi anayeutoa. Anayepata kamisheni kwa kila dhamana anayouza hupata zaidi akiuza moja kubwa ya muda mrefu kuliko akimwambia mteja aache theluthi ya fedha yake mahali ilipo. Hakuna haja ya kumdhania mtu huyo ubaya. Yatosha mteja ajue. Ni haki yake aelezwe kwa maandishi, kwa Kiswahili cha kawaida na kabla hajatia sahihi, mshauri wake atapata shilingi ngapi kwa uamuzi huo, nani atamlipa, na fedha yenyewe ikihitajiwa kabla ya wakati itatoka kwa hasara gani. Mshauri atakayeona aibu kuandika hesabu hizo ameshajibu swali la mteja.

Hong Kong, baada ya wazee wake kuandamana, haikuishia kwenye fidia. Mabenki yaliamriwa kutenga mahali pa kuuzia dhamana na mahali pa kupokelea amana, ili mzee aliyefika kuweka akiba asijikute amenunua kitu kingine, na mazungumzo ya mauzo yakaanza kurekodiwa kwa sauti. Nchini Tanzania kazi ya kutoa leseni kwa washauri wa uwekezaji ni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Idadi ya wananchi wanaonunua hati fungani na vipande vya mifuko imeongezeka sana kuliko ilivyokuwa Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kuuza na kununua hisa mwaka 1998, na wengi wao ni watu wa kiinua mgongo kimoja. Sharti la kueleza kamisheni kwa maandishi laweza kuanzia hapo kwenye leseni, kabla haijatolewa au kuhuishwa.