Kutembea na Kutazama si kwa Wageni Peke Yao

Niliporudi kutoka Ufaransa, rafiki yangu mmoja aliniuliza barazani mbele ya watu: "Hebu tueleze, ndugu yetu. Umepanda ndege usiku kucha ili ukaendeshe baiskeli? Kwani hapa Malindi baiskeli zimekwisha?" Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lile lilinikaa moyoni, na leo naomba nilijibu hapa, kwa kuwa nadhani si la rafiki yangu peke yake.

Kwanza niseme nilikokwenda. Mto Loire ndio mrefu kupita mito yote ya Ufaransa. Urefu wake wazidi kilomita 1,000. Kandokando yake imetengenezwa njia ya baiskeli ya kilomita 900 hivi, inayoanzia karibu na mji wa Nevers katikati ya nchi na kuishia pwani ya bahari ya Atlantiki. Mimi nilikodi baiskeli mjini Blois, nikafunga mkoba na mswala wangu juu ya keria, nikapita kipande kidogo tu: Blois hadi Chambord, kisha Chaumont na Amboise, na mwisho Chenonceau. Mwenye motokaa aweza kuimaliza safari hiyo kwa siku moja na bado akawahi chakula cha usiku. Mimi nilichukua siku tano, wala sikuzijutia.

Wengi wetu tukisikia baiskeli na Ufaransa twafikiria mashindano yale makubwa ya kila mwaka. Kumbe kuna desturi nyingine, ya kutembea pole bila kushindana na mtu. Mzee wake ni Paul de Vivie, aliyejulikana kwa jina la Vélocio, ambaye tangu mwaka 1887 alikuwa akichapisha gazeti la waendesha baiskeli katika mji wa Saint-Étienne. Aliwausia wenzake wale kabla ya kuona njaa, wanywe kabla ya kuona kiu, wasiendeshe kwa majivuno, na wawapo njiani waache mvinyo, nyama na tumbaku. Kwa mvinyo na tumbaku tungempa mzee huyo nafasi barazani petu. Kwa nyama tungebishana naye kidogo. Lakini hata hapo wasia wake ulinifaa, maana kitoweo kinachosifika sana upande wa Tours ni cha nguruwe. Nikala mkate, mayai, samaki, na jibini ya maziwa ya mbuzi.

Tena msidhani kwamba hiyo ni starehe ya matajiri. Mwaka 1936 serikali ya Léon Blum ilipitisha sheria ya kumpa kila mfanyakazi likizo ya siku 15 kwa mwaka huku mshahara wake ukiendelea. Kiangazi hicho hicho watu wa viwandani waliotoka kuiona nchi yao walikuwa wengi, na wengi kati yao walikwenda kwa baiskeli, mume na mke, hema juu ya keria. Baiskeli ndiyo iliyomfungulia mnyonge milango ya nchi yake mwenyewe.

Basi nilifika Chambord. Jumba hilo alianza kulijenga Mfalme François wa Kwanza mwaka 1519. Ndani yake mna ngazi mbili zilizosokotana, hata apandaye na ashukaye huonana kwa madirisha wasikutane. Ajabu ni kwamba mfalme mwenyewe, katika utawala wake wa miaka 32, hakulala humo ila wiki chache tu. Lakini mimi jumba halikunishangaza kama msitu ulivyonishangaza. Ukuta wa kilomita 32 umeuzunguka, na ndani yake mna hekta 5,440 za miti na nyika. Ukuta ule haukujengwa kwa kuupenda mti. Ulijengwa ili windo la mfalme lisitoroke. Baadaye, mwaka 1669, katika zama za Louis wa 14, waziri wake Colbert alitoa sheria kali juu ya misitu yote, kwa kuwa mfalme alihitaji mbao za mialoni za kuundia merikebu. Wafalme wamekwisha kuondoka na merikebu za mbao zimekwisha, lakini misitu imebaki, na leo apitaye chini yake ni mtu yeyote mwenye baiskeli.

Humo msituni adhuhuri ilinikuta. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mwaloni, nikatawadha kwa maji ya chupa, nikatandika mswala. Mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakija juu ya baiskeli zao waliteremka, wakazikokota kwa mkono kimya kimya hadi waliponipita. Hawakusema neno, nami sikuwajua. Ndani ya motokaa wasingeniona, wala mimi nisingewaona.

Siku ya nne niliingia Amboise. Ngome yake imekaa juu ya jabali, yatazama mto. Kila mgeni hukimbilia kanisa dogo lililomo humo, kwani ndani yake limo kaburi la Leonardo da Vinci, mchoraji mashuhuri aliyefia mjini humo mwaka 1519. Makundi yashuka mabasini, yapiga picha, yarudi mabasini. Hata mimi nilikuwa nimekwisha kugeuka. Lakini sikuwa na dereva wa kunipigia honi, nikajipandia polepole hadi upande wa juu wa bustani. Huko nikakuta mawe 25 yamepangwa, nayo yameandikwa kwa hati ya Kiarabu. Nikasimama. Nikatoa salamu kama tutoavyo tupitapo makaburini kwetu.

Waliolala pale ni watu wa Amir Abdulkadir wa Algeria. Babake alikuwa kiongozi wa tarika ya Kadiria, ambayo si ngeni pwani yetu. Mwaka 1832 kabila za magharibi ya Algeria zilimpa baia kijana huyo, naye akapigana na Wafaransa kwa miaka 15. Mwezi wa Desemba 1847 alisalimu amri, akiwa amepewa ahadi na Jenerali Lamoricière, ikakubaliwa na mwana wa mfalme, kwamba atapelekwa Iskandaria au Akka pamoja na watu wake. Ahadi hiyo haikutimizwa. Alipelekwa Toulon, kisha Pau, na mwezi wa Novemba 1848 akatiwa katika ngome ya Amboise pamoja na jamaa na wafuasi wake, wanaume, wanawake na watoto. Walikaa humo takriban miaka minne. Baridi ya jabali lile si ya mtu wa Algeria. Waliofariki walizikwa bustanini, na wamo jamaa zake mwenyewe.

Mwezi wa Oktoba 1852 Louis-Napoléon, mtawala wa Ufaransa, alifika Amboise mwenyewe na kumwambia kwamba yu huru. Akaenda Bursa, kisha akahamia Damaski. Huko, mwaka 1860, Wakristo waliposhambuliwa, Amir yule yule aliyevunjiwa ahadi na Wakristo alitoka na Waalgeria wake, akawakusanya maelfu ya watu hao, akawahifadhi kwa ulinzi wake. Alifariki Damaski mwaka 1883, na mwaka 1966 mabaki yake yalirudishwa Algeria. Wale 25 wamebaki Amboise.

Mawe niliyoyaona yaliwekwa mwaka 2005, kazi ya msanii wa Kialgeria Rachid Koraïchi. Si Wafaransa wote wanaopenda kukumbushwa. Mwaka 2022 sanamu ya kumkumbuka Amir katika mji huo huo iliharibiwa na watu saa chache tu kabla ya kuzinduliwa. Na wakubwa wakaizindua siku ile ile hivyo hivyo ilivyovunjwa. Nilipokuwa nimesimama pale nilitambua kwamba jiwe lenye jina la mtu si pambo. Ni ushahidi. Ndiyo maana kuna wenye hasira nalo.

Sasa namjibu rafiki yangu. Sisi watu wa pwani safari twazijua: ya biashara, ya elimu, ya matibabu, na ile iliyo bora kupita zote, ya Hija. Lakini utalii tumeujua kwa upande mmoja tu. Twabeba mizigo ya wageni, twawapikia, twawaendeshea mashua, twawaonyesha majumba ya wazee wetu kisha twangoja bakshishi. Kwa muda mrefu sisi tumekuwa watazamwa, wao watazamaji. Nasi tumekwisha kuzoea, hata mmoja wetu akitoka kwenda kutazama tu, twamwona kama amepungukiwa na kazi. Na dini yetu hiyo hiyo ndiyo iliyotuhimiza tutembee katika ardhi, tuzingatie mwisho wa waliotutangulia!

Najua nitaambiwa juu ya fedha. Ni kweli, nauli ya Ufaransa si ya kila mtu, na hata kwangu haikuwa rahisi. Lakini sisemi twende Ufaransa. Toka Malindi hadi Gede ni kilomita 16. Pale pana mji wa Waislamu wenzetu, misikiti yake, majumba yake na visima vyake, umesimama katikati ya miti mikubwa, na msitu wa Arabuko-Sokoke hauko mbali. Pana kaburi lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Ni wangapi kati yetu wamelisimamia kaburi hilo wakatoa salamu? Wengi tulifika mara moja tu, tukiwa wanafunzi ndani ya basi la shule, tukakimbizwa huku mwalimu akitazama saa. Vivyo hivyo Mnarani, vivyo hivyo Jumba la Mtwana. Asiyekwenda kutazama chake mwenyewe husimuliwa na mgeni, na mgeni husimulia apendavyo.

Kwa hiyo natoa rai mbili. Ya kwanza ni kwa wenye mamlaka ya kuhifadhi mahali hapa: tengenezeni vijia salama vya baiskeli kuelekea magofu yetu, maana barabara kuu yenye malori si mahali pa mtoto, na andikeni kila penye kaburi na msikiti, kwa Kiswahili kinachosomeka, ni la nani na ni la mwaka gani, pale ijulikanapo. Ya pili ni kwa sisi wenyewe, walimu wa madrasa, wazee wa mitaa na vijana wenye baiskeli zao: tusingoje vijia hivyo. Tutoke asubuhi, twende pole, tushuke tunapoona jiwe.

Rafiki yangu nimemwalika Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, twende Gede pamoja. Amesema atafikiri. Baiskeli anayo, ina pancha ya gurudumu la nyuma, nami nimemwambia kwamba viraka ninavyo.