Mtoto Mwenye Saratani Hajarogwa

Ndugu yangu, ukisikia mtoto wa jirani ana saratani, usianze kuuliza nani kamroga au mamake alikosea wapi. Saratani haiambukizi, na nyingi za watoto chanzo chake hakijulikani.

Ukiona taya la mtoto limevimba, mboni ya jicho inang'aa nyeupe kwenye picha, au homa haiishi, mhimize mzazi aende hospitali mapema.

Shirika la Afya Duniani linasema nchi tajiri zinaponya zaidi ya watoto 80 kati ya 100. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30. Wengine hugunduliwa wakiwa wamechelewa, wengine huacha matibabu katikati kwa kukosa pesa.

Dua tuombe, lakini mama anayetoka Lamu na mwanawe kwenda kliniki Mombasa anahitaji pia nauli na mahali pa kulala. Wewe na wenzako changeni. Nendeni mtoe damu, manake dawa hizo huipunguza mwilini. Waliobaki nyumbani wapelekeeni chakula.

Tuchange mtoto akiwa hai, sio siku ya maziko.