RAMANI YA MAGONJWA ISITUTIE AIBU, ITUAMSHE!



Leo tuzungumzie ramani za magonjwa. Wengi wetu tulizijua kwa uchungu mwaka 2020. Mwezi Machi mwaka ule takwimu za mkoa zilionyesha kuwa korona imeipiga mitaa yetu ya Järva kuliko sehemu nyingi za jiji. Chama cha madaktari wa Kisomali nchini Uswidi kilieleza kuwa kati ya watu 15 wa mwanzo kufariki Stockholm, 6 walikuwa na asili ya Kisomali. Hapo maneno yakawa mengi: eti hatusikii maelekezo, eti ni mila zetu.

Kwa maoni yangu, ramani haikusema hayo. Ramani husema WAPI na LINI. Haisemi KWA NINI.

Chukueni mfano wa SaTScan, programu ya bure iliyobuniwa na mwanatakwimu Mswidi, Martin Kulldorff. Unaiingizia idadi ya wagonjwa, mahali na tarehe. Kompyuta inapitisha juu ya ramani kitu mfano wa pipa: duara la chini ni eneo, kimo chake ni muda. Inalinganisha wagonjwa waliomo na idadi iliyotarajiwa kwa wakazi wa pale. Kisha inachanganya data ovyo, kwa kawaida mara 999, kuona kama mkusanyiko ule ungeweza kutokea kwa bahati tu.

Mwaka 2015 idara ya afya ya New York iliitumia kugundua mapema homa kali ya mapafu huko South Bronx. Watu 138 waliugua, 16 wakafariki. Chanzo hakikuwa tabia za wakazi, bali bakteria katika mnara wa kupozea hewa wa hoteli moja. Programu ilionyesha duara, lakini waliokwenda kupima maji ndio waliopata jibu.

Na kwetu je? Nani aliendesha basi na teksi, nani aliwahudumia wazee, wakati wengine wanafanya kazi nyumbani? Familia ngapi zinaishi watu saba katika vyumba viwili? Hayo ndiyo ya kupimwa pale duara linapotuangukia.

Lakini na sisi tuna wajibu. Ramani huwaona waliohesabiwa tu. Machi 2020 vipimo vilielekezwa zaidi kwa waliolazwa hospitali, hivyo aliyeugulia sebuleni hakuonekana. Hali kadhalika, ukiishi Akalla huku anwani yako imesajiliwa Södertälje, ugonjwa wako unaweza kuhesabiwa Södertälje!

Kwa hiyo ndugu zangu:

- Sajilini anwani mnayoishi kweli.
- Mkiugua pigeni 1177 au nendeni kituo cha afya mapema. Kama Kiswidi kinasumbua, ombeni mkalimani wa Kiswahili.
- Viongozi wa vyama vyetu, ulizeni mamlaka: mkiona duara juu ya Järva, mtafanya nini, na mtatuambia lini?

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Tuhesabiwe, kisha tudai huduma.