Malkia wa Murang'a

Huku pwani tumezoea kudhani kwamba wimbo wa bara ni kelele za gitaa na ulevi. Dhana hiyo haimtendei haki marehemu Jane Nyambura, mzaliwa wa Murang'a, aliyejulikana kote Mlima Kenya kwa jina la Queen Jane hadi alipofariki mwaka 2010.

Alianza kwa kumwitikia Musaimo, kisha akaunda bendi yake, Queenja Les Les. Benga ya Kikuyu ilikuwa uwanja wa wanaume. Mwanamke alisemwa sana humo, naye hana wa kumjibia. Nyambura akapanda jukwaani, akajibu.

Sauti yake ni ile nyembamba ya juu ambayo Ulaya huiita soprano na kuijengea majumba ya opera. Yeye majumba yake yalikuwa kumbi za baa za miji kama Nyeri na Karatina. Hata hivyo hakupayuka kushindana na magitaa. Aliyaacha yamalize zamu yao, ndipo akaliweka neno lake, na hata asiyejua Kikuyu husikia pa kulalama na pa kufanya stihizai. Kasoro ipo: nyimbo zake kadha zafanana mno kwa mdundo.

Kuna watakaosema mwanamke wa heshima haimbi pale. Siti binti Saad naye alichekwa sura na asili yake, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti kwenye santuri. Leo twamjivunia. Mwenzake wa Murang'a hata jina lake wengi wetu hatulijui.